Mtu wetu au mtu mwadilifu? Somo la siasa kutoka Arua na Koboko

KOBOKO, Uganda

BARABARA ya lami inayoanzia Vurra, kwenye mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, hupita katikati ya Arua, ikaelekea kaskazini hadi Koboko na kuishia Oraba, ambako ng'ambo yake ni Kaya ya Sudan Kusini. Urefu wake wote ni kilomita 92. Mfanyabiashara anaweza kunywa chai ya asubuhi upande wa Congo na kushusha mzigo Sudan Kusini kabla jua halijazama.

Katika kilomita hizo 92, mzigo mwingi hutembea bila karatasi za benki. Maharage, sabuni, vitenge na vipuri vya pikipiki hutolewa kwa mali kauli: chukua leo, lipa ukishauza. Anayetoa mali hamuulizi mwenzake ana cheo gani serikalini. Anamuuliza ni mtoto wa nani, ameoa wapi, na deni la mwisho alilimaliza lini.

Uhusiano wa namna hiyo ndio uliojenga masoko ya Arua, Koboko na Ariwara. Ndio pia uliojenga siasa za West Nile. Kwa zaidi ya miaka 100, watu wa eneo hili wamemwamini mtu kabla ya kuiamini ofisi, kwa sababu ofisi ilikuwa mbali na mara nyingi ilikuja na bunduki. Tofauti ni kwamba sokoni uaminifu una siku ya kufanya hesabu. Katika siasa, kwa muda mrefu, siku hiyo haikuwepo, na watu wa Arua na Koboko wamelipa gharama yake.

Historia hiyo inawahusu wafanyabiashara wa mpakani kuliko inavyoonekana. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Congo ikafuata mwaka 2022. Leo mipaka yote mitatu inayokutana Salia Musala, wilayani Koboko, iko ndani ya jumuiya moja. Swali la nani wa kumwamini, mtu au kanuni, limefika kwenye kila kizuizi cha barabarani.

Nchi isiyo na mwenyewe

Kabla ya kuitwa West Nile, eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado. Mwaka 1894 Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold wa Ubelgiji ardhi hiyo ya magharibi mwa mto Nile kwa masharti ya ajabu: ingekuwa yake maadamu yu hai. Alipofariki Desemba 1909, Wabelgiji walijiandaa kuondoka, na mwaka 1910 Lado ikakabidhiwa Sudan. Utawala mpya haukufika kila kijiji mara moja. Wawindaji wa Kizungu waliingia kutafuta pembe za ndovu mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuwauliza kibali.

Mwezi Januari 1910 alipita huko mtu aliyeyajua maisha ya mpakani kwa njia nyingine. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameondoka Ikulu ya Marekani mwaka mmoja kabla, alipiga kambi ukingo wa magharibi wa Nile kuwinda vifaru weupe. Mahali hapo panaitwa Rhino Camp hadi leo, na sasa panajulikana zaidi kwa makazi ya wakimbizi. Roosevelt alikuwa amefuga ng'ombe Dakota akiwa kijana na alikuwa ameandika vitabu vinne kuhusu jinsi Wamarekani walivyoteka nchi za magharibi yao.

Mpaka ule wa Marekani nao ulikuwa na siasa za mtu na mtu. Mfano unaojulikana sana ni wa David Crockett wa jimbo la Tennessee. Crockett alipigana vita dhidi ya Wahindi Wekundu wa kabila la Creek mwaka 1813 chini ya Jenerali Andrew Jackson, na baadaye akawa mbunge. Jackson, mtu wa Tennessee kama yeye, alipokuwa rais alileta sheria ya mwaka 1830 ya kuwahamisha Wahindi Wekundu kutoka ardhi zao. Crockett peke yake, kati ya wabunge wote wa Tennessee, aliipinga. Wapiga kura walimwona amemsaliti mtu wa nyumbani. Mwaka 1831 alipoteza kiti, akakirudisha mwaka 1833, akakipoteza tena mwaka 1835. Alihamia Texas na kuuawa katika vita vya Alamo Machi 1836.

Kesi ya Crockett inafanana na mambo yaliyotokea West Nile kwa sababu moja. Mahali ambapo serikali ni changa, kiongozi hajulikani kwa sera. Anajulikana kwa nani alimpigania na nani alimlisha. Mtu akisema hapana kwa mkubwa aliyemlea, majirani hawaulizi kama ana haki. Wanauliza kama ana shukrani.

Mwaka 1914 sehemu ya kusini ya Lado ilihamishiwa Uganda, na kituo cha serikali kikafunguliwa Arua. Mpaka ulichorwa kufuata mgawanyiko wa maji ya mito ya Congo na Nile. Walugbara walijikuta Uganda na Congo. Wakakwa waligawanywa mara tatu: Uganda, Congo na Sudan. Walugbara hawakuwa na mfalme; mamlaka yalikuwa kwa wazee wa ukoo, na hayakuvuka mbali zaidi ya ukoo wenyewe. Serikali ya kikoloni ikaweka machifu wake, na machifu hao wakawa na mabwana wawili: mzungu aliyewateua na jamaa waliowazaa.

Ajira kubwa zilizofunguliwa kwa vijana wa West Nile zilikuwa mbili: mashamba ya miwa ya kusini na jeshi. Jeshini kijana alijifunza Kiswahili, alipata mshahara na alipata bwana. Huko ndiko utiifu kwa mtu ulipopewa sare.

Mwaka 1974

Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ni wa Koboko, alijiunga na jeshi la King's African Rifles mwaka 1946. Aliponyakua madaraka tarehe 25 Januari 1971, familia nyingi za West Nile ziliona kwamba kwa mara ya kwanza mtu wao yuko Kampala. Maofisa wa Kikakwa na Kilugbara walipandishwa vyeo. Kwa nje ilionekana kama biashara nzuri: utiifu wao ulikuwa umepata faida.

Faida hiyo haikudumu miaka minne. Michael Ondoga, Mlugbara na ofisa wa jeshi aliyewahi kuwa balozi Moscow, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Februari 1974 aliondolewa kwenye wadhifa huo. Mwezi uliofuata alitekwa Kampala, na mwili wake ukapatikana katika mto Nile.

Kifo hicho kilimgusa mtu ambaye Amin hakutarajia kumwona upande wa pili. Brigedia Charles Arube alikuwa Mkakwa, wa kabila la rais mwenyewe, na alikuwa amekaimu ukuu wa majeshi. Alikuwa miongoni mwa waliomtumikia Amin tangu mapinduzi, na utawala ule ndio uliomfanya mtu mkubwa. Usiku wa tarehe 23 Machi 1974, yeye na maofisa wenzake walijaribu kuuangusha utawala huo. Malalamiko yao yalikuwa mauaji yaliyokuwa yakiendelea na nguvu waliyopewa maofisa kama Isaac Maliyamungu. Jaribio lilishindwa. Arube alikufa kwa risasi, na serikali ikasema alijiua mwenyewe.

Arube hakuwa mtu asiye na lawama. Aliitumikia serikali ileile kwa miaka mitatu, ikiwa pamoja na miaka ambayo maofisa wa Kiacholi na Kilango waliuawa kambini. Lakini alipofika mahali pa kuchagua, hakuchagua kabila lake wala cheo chake. Kwa kipimo cha kawaida cha siasa za mpakani, hilo lilikuwa ni kumgeuka ndugu. Kwa kipimo kingine, Amin ndiye aliyekuwa amevunja makubaliano kwanza, na Arube alikuwa anadai deni.

Miaka minne baadaye ilikuwa zamu ya Mustafa Adrisi, mtu mwingine wa West Nile, aliyefanywa Makamu wa Rais mwaka 1977. Aprili 1978 gari lake lilipata ajali, akavunjika miguu na kupelekwa Misri kutibiwa. Wakati yuko hospitalini, watu wake serikalini waliondolewa. Askari waliomtii walianza kunung'unika, na katika vurugu hizo za ndani jeshi la Amin likavamia Kagera, Tanzania, Oktoba 1978. Utawala ulioanza kwa kumwamini mtu ulimalizika kwa watu wake wenyewe kuogopana.

Bili ililetwa nyumbani

Kampala ilianguka Aprili 1979. Mwanzoni mwa Juni majeshi ya Tanzania na washirika wao yalifika mpaka wa Sudan. Kilichofuata ni sehemu ya historia ambayo wazee wa Arua na Koboko huizungumza kwa sauti ya chini. Watu waliokuwa hawajawahi kufika Ikulu, hawakupata cheo wala shamba, walihesabiwa kuwa watu wa Amin kwa sababu ya lugha yao na mahali walipozaliwa. Askari wa jeshi jipya la UNLA walilipiza kisasi vijijini. Tarehe 24 Juni 1981, makumi ya raia waliokimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua, waliuawa hapo hapo. Mamia ya maelfu walivuka kwenda Zaire na Sudan.

Hiyo ndiyo bei ya siasa ya mtu wetu ambayo haitajwi kwenye kampeni. Aliyefaidi ni wachache waliokuwa karibu na meza. Aliyelipa ni mkulima wa Maracha na mama muuza samaki wa Arua, ambao jina lao liliandikwa kwenye daftari la deni wasilokopa.

Ukimbizini, hata hivyo, watu walilazimika kuanza upya bila mkubwa yeyote. Ndugu waliokuwa ng'ambo ya mpaka waliwapokea. Wakimbizi wa Uganda waliingia katika biashara ya Ariwara, na soko hilo la Congo likakua hadi kuwa kitovu cha eneo zima. Waliporudi nyumbani baada ya mwaka 1986, walirudi na wateja, wadeni na marafiki katika nchi tatu, pamoja na Kilingala na Kiswahili cha Congo kinywani. Mitaji mingi ya matajiri wa Arua wa miaka ya 1990 ilianzia huko.

Vijana wa madumu

Miongoni mwa waliorudi walikuwapo vijana waliosimama kando ya barabara za Arua na madumu ya petroli. Wenyeji waliwaita OPEC Boys, kwa jina la umoja wa nchi zinazouza mafuta. Petroli yao ilipita Uganda kama mzigo wa kwenda Congo, bila kodi ya Uganda, kisha ikarudishwa kwa njia za panya na kuuzwa kwa bei ya chini kuliko ya vituo. Ilikuwa magendo ya wazi, mchana kweupe.

Mtafiti Kristof Titeca wa Ubelgiji, aliyewachunguza kwa miaka, ameeleza kwa nini waliachwa. Vijana hao walikuwa wengi, hawakuwa na kazi, na baadhi walitoka kwenye makundi ya waasi. Ofisa aliyewabana alihofia kuwarudisha msituni. Mwanasiasa aliyewatetea alipata kura na watu wa kujaza mkutano. Pande zote mbili zilijua makubaliano hayo, ingawa hayakuandikwa popote: ninyi mtuunge mkono, sisi tutafumba macho.

Kwa mfanyabiashara mdogo, ulinzi wa namna hiyo ulikuwa neema na mtego. Uliweka ugali mezani. Lakini haukumpa haki yoyote ambayo angeweza kuidai mbele ya hakimu. Mlinzi akihamishwa, akishindwa uchaguzi au akipata rafiki tajiri zaidi, mzigo hukamatwa. Biashara ya madumu ilipopungua miaka ya baadaye, waliobaki na kitu ni wale waliokuwa wamegeuza faida kuwa duka, nyumba au leseni. Waliotegemea jina la mkubwa walibaki na jina hilo tu. Mtumai cha ndugu hufa maskini, na cha mwanasiasa vilevile.

Si kila uhusiano wa wakati huo uliachwa bila maandishi. Tarehe 24 Desemba 2002, serikali na waasi wa UNRF II wakiongozwa na Ali Bamuze walitia saini mkataba wa amani Yumbe. Wapiganaji hawakuombwa kumpenda rais. Waliahidiwa mambo yaliyotajwa, nao wakaahidi kuweka silaha chini. Pamekuwapo na manung'uniko kuhusu utekelezaji wake, lakini hata manung'uniko hayo yana mahali pa kuanzia: yapo maandishi. Anayedai anaweza kuonyesha kifungu.

Kura mbili

Mivutano hii imeonekana wazi zaidi katika chaguzi mbili za miaka ya karibuni, moja Arua na nyingine Koboko.

Ibrahim Abiriga, mbunge wa Manispaa ya Arua tangu 2016, alikuwa askari wa zamani aliyewahi kuwa mwakilishi wa rais wilayani. Alijulikana nchi nzima kwa kuvaa njano, rangi ya chama tawala cha NRM, kuanzia kofia hadi viatu, na kwa gari lake dogo la Volkswagen la rangi hiyohiyo. Hakuficha kwamba utiifu wake ni kwa Rais Yoweri Museveni binafsi. Desemba 2017 aliunga mkono kuondolewa kwa kikomo cha umri wa mgombea urais, jambo lililogawanya wapiga kura wake. Tarehe 8 Juni 2018 aliuawa kwa risasi pamoja na mlinzi wake karibu na nyumbani kwake wilayani Wakiso. Hata waliompinga walimlilia. Alikuwa mtu ambaye msimamo wake ulijulikana, na katika siasa hilo si jambo dogo.

Uchaguzi mdogo wa kumrithi ulipangwa kufanyika tarehe 15 Agosti. Chama tawala kilimsimamisha Nusura Tiperu. Kassiano Wadri, mbunge wa zamani wa Terego na mtu wa muda mrefu wa chama cha upinzani cha FDC, alisimama kama mgombea huru ilhali chama hicho kilikuwa na mgombea wake. Kwa hiyo naye alilaumiwa kwa kukosa utiifu, safari hii na wenzake wa upinzani.

Tarehe 13 Agosti, siku ya mwisho ya kampeni, vurugu zilizuka mjini. Serikali ilisema msafara wa rais ulipigwa mawe. Yasin Kawuma, dereva wa mbunge Robert Kyagulanyi maarufu kama Bobi Wine, aliuawa kwa risasi. Wadri, Kyagulanyi na wengine zaidi ya 30 walikamatwa na baadaye kushtakiwa kwa uhaini huko Gulu. Siku ya kura, mgombea alikuwa kizuizini. Wadri alipata kura 6,421 dhidi ya 4,798 za Tiperu, na akawa mbunge.

Wapo waliosoma matokeo hayo kuwa ni ushindi wa upinzani, wengine kuwa ni hasira tu. Lakini idadi ile ya kura inasema jambo jingine pia. Arua ilikuwa ikiahidiwa hadhi ya jiji, hadhi iliyopata tarehe 1 Julai 2020, na kila mtu alijua ni nani mwenye uwezo wa kutoa zawadi hiyo. Hata hivyo, siku ile ya Agosti wapiga kura wengi walimchagua mtu asiyeweza kuwaahidi chochote, hata kufika kituoni.

Koboko ilikuwa na njia yake. Februari 2014, katika kikao cha wabunge wa NRM huko Kyankwanzi, Evelyn Anite, mzaliwa wa Koboko aliyekuwa mbunge wa vijana, alipiga magoti mbele ya rais na kutoa hoja kwamba awe mgombea pekee wa chama mwaka 2016. Picha yake ilizunguka nchi nzima. Mwaka uliofuata aliteuliwa Waziri wa Nchi anayeshughulikia vijana, na mwaka 2016 akawa mbunge wa Manispaa ya Koboko na Waziri wa Nchi wa uwekezaji.

Haifai kumcheka. Katika nyumba nyingi za Uganda, mwanamke au kijana kumpigia mkubwa magoti ni adabu, si utumwa. Tena Anite alionyesha baadaye kwamba ana sauti: mwaka 2019 alitofautiana hadharani na wakubwa wenzake serikalini kuhusu usimamizi wa kampuni ya simu ya Uganda Telecom. Suala ni je, magoti yale yalipigwa kwa niaba ya nani, na Koboko ilirudishiwa nini?

Jibu la wanachama wa chama chake mwenyewe lilikuja Septemba 2020. Katika kura za mchujo za NRM alishindwa na Dk. Charles Ayume, daktari, ambaye alikwenda kuchukua kiti hicho mwaka 2021. Baba yake, Francis Ayume wa Koboko, aliwahi kuwa Spika wa Bunge na kisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, hadi alipofariki kwa ajali ya gari Mei 2004. Rais alimbakiza Anite kwenye baraza la mawaziri. Kwa maneno mengine, aliyepigiwa magoti alilipa deni lake. Waliotaka kulipwa na mbunge walikuwa ni watu wengine.

Hapa pia tahadhari inahitajika. Jina la Ayume lilikuwa na uzito kabla mwanawe hajasimama jukwaani. Inawezekana Koboko haikuacha siasa ya mtu. Ilihama tu kutoka kwa mtu wa mbali kwenda kwa jina la karibu. Tofauti ni kwamba jina la karibu linaweza kuulizwa. Mbunge anayejua kwamba kiti chake kinategemea kura za jirani, si uteuzi wa Kampala, ana sababu ya kurudi nyumbani na kueleza alichofanya.

Neno moja, maana mbili

Kiswahili chenyewe kinachangia mkanganyiko huu. Mwaminifu ni mtu asiyeiba, na mwaminifu ni mtu asiyemwacha bwana wake. Karani anayerudisha chenji ni mwaminifu. Kada anayenyamaza mkubwa wake anapokula fedha za barabara naye huitwa mwaminifu. Neno lingine lipo, uadilifu, lakini husikika zaidi kwenye semina kuliko sokoni.

Mfanyabiashara wa mali kauli hachanganyi mambo hayo. Anampenda shemeji yake wa Kaya, atakwenda msibani kwake, atamchangia arusi. Lakini akimpa magunia 10, anaandika 10. Shemeji asipolipa, urafiki hauwi sababu ya kufuta; unakuwa sababu ya kumfuata mapema na kuzungumza naye kwa heshima. Dawa ya deni ni kulipa. Anayesema daftari ni dharau kwa undugu, watu huanza kumwogopa.

Mpakani leo, tofauti hii ina bei. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya jumuiya na uliomo katika orodha iliyokubaliwa, unastahili cheti cha asili kilichorahisishwa, kinachotolewa mpakani, na hautozwi ushuru wa forodha. Hiyo ni haki ya mama wa Koboko mwenye magunia manne sawasawa na ya tajiri wa Arua mwenye malori manne. Haimtaki awe na mjomba forodhani.

Hata hivyo wengi bado hupendelea kumpigia simu mtu wao. Ni haraka, na wamezoea. Kila shilingi inayopita mkononi badala ya dirishani inamfundisha ofisa kwamba kazi yake ni kuwajua watu, si kuijua kanuni. Siku ofisa huyo akibadilishwa, anayeanza upya ni mfanyabiashara. Wale waliopitisha mizigo yao kwa cheti huonyesha karatasi ileile kwa ofisa mpya.

Mgombea akija sokoni Arua au Koboko msimu wa kampeni, atasema yeye ni mtoto wa hapa. Huenda ni kweli, na ni jambo jema kujua ukoo wake. Lakini yapo maswali ambayo muuza maharage angemuuliza mteja yeyote mpya anayetaka kukopeshwa: mara ya mwisho ulichukua nini kwa jina letu, ulilipa nini, na kilichobaki kiko wapi? Ondoga na Arube hawakupata nafasi ya kumuuliza mkubwa wao maswali hayo wakiwa salama. Mpiga kura wa leo anayo, na haimgharimu zaidi ya asubuhi moja kwenye foleni.